Kuku na Ndege wa Uani: Kumbukumbu za Ua Mmoja wa Tanga

Kuku wa kienyeji, yaani yule anayeachwa huru kujitafutia chakula mchana na kurudi bandani jioni, ndiye kiumbe wa kufugwa aliye karibu zaidi na binadamu katika kaya nyingi za Afrika Mashariki, lakini pia ndiye ambaye maisha yake huangaliwa kwa uchache zaidi, kwa kuwa wengi humhesabu kwa mayai, kwa kitoweo cha mgeni na kwa fedha ya dharura, kisha wakaishia hapo. Hali ni hiyo hiyo kwa ndege wa porini wanaoishi karibu na nyumba, ambao husikika kila alfajiri na kuonekana kila siku juu ya mpera au kwenye waya wa kuanikia nguo, na bado wenye nyumba wengi hawajui kiota cha nani kimejengwa wapi, wala ni nani kati yao anayekula matunda na nani anayekula wadudu. Makala haya yanatokana na kumbukumbu za familia ya mwandishi, ambayo kwa miaka mingi imefuga kuku pembezoni mwa mji wa Tanga si kwa ajili ya kuwauza bali kwa kuwapenda, na hoja yake ni kwamba kuku na ndege hao wa porini huishi katika ua mmoja kama jamii moja yenye mpangilio wake, na kwamba mpangilio huo hujulikana kwa mtu yeyote anayekubali kukaa na kutazama kwa utulivu, awe amesomea elimu ya viumbe au la.

Ua wenyewe ni wa kawaida kwa nyumba za pwani: una mwarobaini mkubwa wenye kivuli, mpera, mipapai, minazi upande wa nyuma, na ua wa michongoma unaoitenga nyumba na njia. Kuku waliokumbukwa zaidi walipewa majina kutokana na maumbile yao, akiwamo Madoa aliyekuwa na rangi ya kanga, Kishungi aliyekuwa na manyoya yaliyosimama utosini, na Kahawia, ambaye alikuwa wa jamii ya kishingo, yaani kuku asiye na manyoya shingoni, umbile linalosaidia kupunguza joto la mwili katika sehemu zenye joto kali kama Tanga. Jogoo mkubwa aliitwa Jabali. Kupewa jina kulikuwa na maana ya kivitendo, kwa sababu kuku aliyepewa jina hutambulika, na akishatambulika ndipo mtu huanza kuona kwamba leo amekula wa mwisho ilhali jana alikula wa kwanza, jambo ambalo haliwezi kuonekana kwa mtu anayeona kuku tu.

Jambo la kwanza lililojitokeza kwa namna hiyo ni ngazi ya udonoaji, yaani utaratibu ambao kuku huupanga wenyewe kwa wenyewe na ambao humpa kila mmoja nafasi yake katika kula, katika kunywa maji na katika kuchagua mahali pa kulala kwenye kichanja. Chenga za mahindi zilipomwagwa asubuhi, Madoa alikula popote alipotaka, Kahawia alimpisha Madoa lakini akawadonoa wengine wote, na Kishungi, licha ya ukubwa wa mwili wake, alisubiri pembeni hadi wenzake walipopunguza kasi. Mara nyingi hapakuwa na ugomvi wowote; ilitosha Madoa kuinua kichwa, na mwenzake aliondoka. Ugomvi ulizuka pale tu mpangilio ulipovurugwa, kwa mfano alipoletwa tembe mgeni, yaani kuku jike mchanga aliyekaribia kutaga, kwani ngazi nzima ilibidi ipangwe upya na kila mmoja aonyeshwe mahali pake kwa midomo na kucha hadi utulivu uliporejea.

Ni jambo la kutia moyo kwamba elimu hii iliingia katika sayansi kupitia mlango ule ule wa uani. Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyezaliwa nchini Norway mwaka 1894, alianza kuwaangalia kuku akiwa mtoto, akawatambua mmoja mmoja na kuandika daftarini nani alimdonoa nani, na mwaka 1922 alichapisha kwa Kijerumani maelezo ya ngazi hiyo, ambayo baadaye yalitumiwa na wataalamu kueleza mahusiano ya wanyama wengi wengine. Aligundua pia kwamba ngazi hiyo si lazima inyooke kutoka juu hadi chini, kwa sababu hutokea kuku wa kwanza akamtawala wa pili, wa pili akamtawala wa tatu, na huyo wa tatu akamtawala wa kwanza. Hali kama hiyo ilikuwapo kwa muda katika ua wa Tanga, ambako tembe mmoja mdogo aliyekimbizwa na karibu kila mwenzake hakuwahi kumpisha Kahawia hata siku moja, na Kahawia naye hakuwahi kujaribu kumwondoa, huku sababu ikibaki kwao wenyewe, pengine katika ugomvi wa siku ya kwanza ambao hakuna mtu aliyeushuhudia.

Ngazi ya majogoo husikika zaidi kuliko kuonekana. Katika kipindi ambacho Jabali aliishi pamoja na pora kadhaa, yaani majogoo wachanga, ilijulikana nyumbani kwamba pora hawakuthubutu kuwika alfajiri kabla yake, bali walisubiri sauti yake nzito kisha wakafuata mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walithibitisha jambo hilo kwa majogoo waliowekwa pamoja: anayetawala ndiye huanza, wengine hufuata kwa kadiri ya vyeo vyao, na yule wa kwanza akiondolewa, wa pili huchukua zamu ya kuanza. Utafiti mwingine wa Japani uliotangulia huo ulikuwa umeonyesha kwamba jogoo huwika alfajiri kwa kuongozwa na saa ya ndani ya mwili wake hata akifungiwa mahali penye mwanga hafifu usiobadilika, hivyo yule muadhini wa uani hangojei kuona jua ili ajue kwamba kumekaribia kucha.

Sehemu ya maisha ya kuku iliyo na mafunzo mengi kuliko zote ni uatamiaji, yaani kipindi cha siku 21 ambacho kuku hulalia mayai hadi yaanguliwe. Kuku wa kienyeji hutaga mayai yapatayo 10 hadi 15 kwa mfululizo, na kwa kuwa yai moja huchukua zaidi kidogo ya saa 24 kukamilika mwilini, kila siku hutaga akiwa amechelewa kuliko jana, mpaka ifike siku anayoiruka. Katika muda huo wote haatamii. Huyaacha mayai yapoe kiotani, na ni baada ya kutosheka na idadi yake ndipo homoni iitwayo prolaktini inapomshika, akabadilika tabia, akavimbisha manyoya na kukataa kutoka. Manufaa ya utaratibu huo ni kwamba mayai yaliyotagwa kwa siku tofauti huanza safari ya ukuaji kwa pamoja na kuanguliwa karibu kwa pamoja, jambo la lazima kwa mama ambaye hana budi kuondoka kiotani na vifaranga vyake vyote vikimfuata.

Madoa alikuwa mwatamiaji hodari, na kumwangalia kulikuwa somo kamili la subira. Alitoka kwenye tenga lake mara moja kwa siku, akala kwa haraka, akanywa maji, akaoga vumbi chini ya mwarobaini ili kupunguza utitiri, kisha akarudi kabla mayai hayajapoa. Alipokuwa ameketi aliyageuza kwa mdomo mara nyingi, kwa kuwa yai lisilogeuzwa humfanya mtoto aliye ndani agandane na utando wa ganda na kufa. Siku ya mwisho kabla ya kuanguliwa ndiyo iliyowagusa watu wa nyumbani zaidi, kwani vifaranga vilianza kulia vikiwa bado ndani ya maganda, na Madoa aliwajibu kwa sauti ya chini isiyotumika wakati mwingine wowote, hivi kwamba mama na watoto walikuwa wamekwisha kufahamiana kwa sauti kabla hawajaonana. Kifaranga hupasua ganda kwa kijino kidogo kigumu kilichoota kwenye ncha ya mdomo, ambacho huanguka baada ya siku chache, na kabla ya kutoka hukivuta tumboni kiini cha yai kilichobaki, na hicho ndicho akiba inayokiwezesha kukaa siku mbili hivi bila chakula huku kikiwasubiri wenzake waliochelewa.

Wakati Madoa akiatamia mayai yake mengi, jozi ya shorewanda, ndege wa kijivu mwenye kichwa cheusi na manyoya ya njano chini ya mkia, ilikuwa imejenga kikombe chake cha nyasi kwenye mpera na kutaga mayai machache tu, na tofauti hiyo kati ya wazazi wawili waliotenganishwa na hatua chache ilistahili kuulizwa sababu. Vifaranga wa kuku hutoka wakiwa na manyoya laini na macho yaliyo wazi, na siku ya pili huchakura pamoja na mama yao, ilhali makinda ya shorewanda hutoka uchi na vipofu, na kila punje ya chakula lazima iletwe mdomoni na baba au mama. Mama wa kuku huwaongoza watoto hadi kilipo chakula. Shorewanda hubeba chakula hadi walipo watoto, na kwa hiyo idadi ya makinda hupimwa na nguvu za mabawa ya wazazi wawili. Tetere, yule njiwa mdogo mwenye mstari mweusi nyuma ya shingo, hutaga mawili tu kwenye kiota chepesi ambacho mayai huonekana kwa chini, na makinda yake hulishwa kwanza ute mzito unaotengenezwa ndani ya gole, yaani mfuko wa chakula ulio shingoni, na baba hulisha sawa na mama.

Swali la idadi ya mayai lilifanyiwa kazi kubwa katika mkoa huo huo wa Tanga. Reginald Moreau, Mwingereza ambaye hapo awali alifanya kazi ya uhasibu wa jeshi mjini Cairo na ambaye hakusomea elimu ya viumbe, alikaa katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara Mashariki, tangu mwaka 1928 hadi 1946, na pamoja na mkewe Winifred na wasaidizi wenyeji waliokaa saa nyingi wakiangalia viota, alikusanya taarifa za muda wa kuatamia na wa kulea makinda wa ndege wengi wa Afrika. Mwaka 1944 alichapisha uchunguzi uliolinganisha idadi ya mayai, akionyesha kwamba ndege wa nchi za joto kwa kawaida hutaga machache kuliko jamaa zao wa nchi za baridi, na swali hilo liliendelea kujadiliwa na wanasayansi kwa miongo mingi baada yake. Wasaidizi wale wa Amani, ambao wengi wao hawajulikani kwa majina leo, wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa, kwa kuwa taarifa hizo zilitegemea macho yao na uvumilivu wao.

Uhusiano kati ya kuku na ndege wa porini hudhihirika zaidi inapotokea hatari. Jabali alikuwa na milio miwili tofauti ya tahadhari: kipanga au mwewe alipopita juu, alitoa mlio mwembamba wa kuvuta, na kuku wote wakajibanza chini ya michongoma bila kuangalia nyuma; paka au nguchiro alipojitokeza chini, alipiga kelele za kukatakata mfululizo, na kuku badala ya kujificha walisimama wima na kunyoosha shingo kutafuta adui alipo. Peter Marler na Christopher Evans, katika majaribio ya miaka ya 1990 yaliyotumia picha za video za maadui hao, walionyesha kwamba milio hiyo ina maana inayoeleweka, kwa sababu kuku waliosikilizishwa sauti peke yake, bila kumwona adui yeyote, walifanya vitendo vile vile vinavyofaa kwa kila aina ya hatari. Katika ua wa Tanga ilionekana zaidi ya hapo kwamba kuku hawakumtegemea jogoo peke yake. Shorewanda ni ndege mwenye kelele anapomwona nyoka au bundi, humzunguka akilia bila kukoma mpaka chozi na mnana nao wajiunge, na kila mara kelele hizo zilipozuka kwenye mpera, Madoa aliacha kuchakura na kuwakusanya vifaranga chini ya mabawa. Watu wa nyumbani nao walijifunza kufuata mlio huo kwa fimbo mkononi, na zaidi ya mara moja walimkuta nyoka kwenye matawi kabla hajafika kwenye banda.

Kati ya ndege wa ua huo, chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda anayekunywa asali ya maua, alipendwa na watoto kwa sababu dume lake lilipigana na kivuli chake kwenye kioo cha dirisha asubuhi nzima. Mnana aliheshimiwa kwa ufundi: dume huchana kuti la mnazi likawa nyuzi ndefu, hulifunga kwa fundo la kweli kwenye ncha ya tawi, hujenga kiota kizima, kisha huning'inia chini yake akipigapiga mabawa ili jike aje akikague, na jike akikikataa, kiota hukauka na dume mwenyewe hukifumua na kuanza upya. Kuhusu dudumizi, ambaye wazee wa pwani humsikiliza kama mtabiri wa mvua, uchunguzi wa nyumbani ulitoa jibu la wastani, kwani alilia sana kuelekea masika, wakati hewa imejaa unyevu na yeye mwenyewe anakaribia kuzaliana, lakini alilia pia katika siku nyingi ambazo mvua haikunyesha, na siku hizo ndizo ambazo kumbukumbu za watu huziacha.

Kunguru wa shingo ya kijivu anahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu yeye si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili asaidie kuondoa taka, akaenea bara, na leo ametawala miji ya pwani kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa, kiasi kwamba mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa idadi ya milioni moja. Katika ua unaozungumziwa, kunguru alikuwa adui mkubwa kuliko mwewe, kwa kuwa mwewe hupita na kwenda zake, ilhali kunguru hukaa, hutazama, hujua saa ambayo kuku hutoka kiotani, na huja wawili ili mmoja amshughulishe mama na mwingine anyakue kifaranga. Viota vya shorewanda viliporwa msimu baada ya msimu, na vilivyosalimika vilikuwa vile vilivyojengwa katikati kabisa ya michongoma, mahali ambapo mwili wa kunguru haupenyi. Ni haki kusema, hata hivyo, kwamba kunguru hustawi kwa mabaki ya chakula yanayotupwa ovyo sokoni na majalalani, na kwamba sumu na mitego havitaleta nafuu ya kudumu iwapo taka zenyewe zitaendelea kuachwa wazi.

Pigo kubwa kuliko yote katika historia ya ua huo halikutoka angani. Kideri, ambacho sehemu nyingi za Tanzania huitwa mdondo, ni ugonjwa wa virusi unaosambaa kwa kinyesi, kwa ute wa kuku wagonjwa, na kwa vyombo, viatu na matenga yaliyobeba kuku hao, nao unaweza kumaliza karibu kuku wote wasiochanjwa katika mtaa kwa muda wa siku chache. Ulipoingia mtaani wakati wa kiangazi, kuku wa jirani walianza kukoroma na kutoa kinyesi cha kijani, shingo zikapinda, na kabla wiki haijakwisha Madoa, Kishungi na vifaranga walikuwa wamekufa. Huzuni ya nyumba ile ilikuwa ya kweli, na haistahili kuonewa haya. Watu waliowajua kuku hao mmoja mmoja, waliojua ni nani alimpisha nani na nani aliimba na watoto wake kupitia ganda la yai, hawakuweza kuuona msiba huo kuwa upungufu wa kitoweo tu. Kahawia alipona, akabaki na shingo iliyopinda kidogo, na alipoletewa wenzake wapya alipanda hadi kileleni mwa ngazi ambayo zamani alishika nafasi ya pili.

Ugonjwa huo hauna tiba, lakini una kinga rahisi. Chanjo iitwayo I-2, inayozalishwa pia nchini Tanzania, mjini Kibaha, imetengenezwa kuvumilia joto kuliko chanjo za zamani, na hutolewa kwa tone moja la jicho kwa kila kuku mwenye afya, likarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wanaopatikana katika nyumba moja, na kwa kuwa kuku wa jirani asiyechanjwa ni hatari kwa mtaa mzima, inafaa kila mwenye kuku azungumze na majirani zake sasa, kabla kiangazi hakijaingia, wakubaliane siku moja, wachangie chupa moja, na wamwombe ofisa mifugo wa kata asimamie kazi hiyo.